Hasara Huanza Kabla ya Kupanda: Mwongozo wa Fedha kwa Wakulima wa Mboga wa Kirungu

Mkulima wa mboga hutoa fedha kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kisha hutarajia kuzirudisha zote kwa siku chache za mavuno. Mahindi yakikauka huwekwa ghalani yakangoja bei nzuri. Nyanya zilizoiva hazingoji. Baada ya siku tatu au nne beseni lile lile huuzwa kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana kosa la fedha katika kilimo cha mboga halina nafasi ya kurekebishwa baada ya kuvuna. Hasara nyingi zinazoonekana sokoni zilikwisha kukubaliwa zamani: siku mkulima alipochukua mkopo, alipokodi kiwanja, alipochagua zao, au alipopeana mkono na mnunuzi bila kuandika neno. Mwongozo huu unahusu maamuzi hayo ya mapema.

Kirungu, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Baudouinville, imekaa juu ya bandari ya Moba kwenye Ziwa Tanganyika, na nyuma yake inainuka milima ya Marungu. Mboga za huko zina masoko matatu: Kirungu yenyewe na vijiji jirani, Moba bandarini, na Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika tangu jimbo hilo lilipotokana na mgawanyo wa Katanga mwaka 2015. Kadiri mzigo unavyokwenda mbali, bei hupanda, lakini hupanda pia idadi ya watu na ajali zinazoweza kuugusa kabla fedha hazijarudi. Mkulima anayelinganisha bei ya Kirungu na bei ya Kalemie bila kuhesabu njia iliyo katikati amelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ni kujua gharama halisi ya beseni moja. Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu, na tarakimu zake zibadilishwe kwa bei za mahali na za msimu. Bustani ya nyanya ya ari 4 imegharimu hivi, kwa faranga za Kongo: mbegu na kitalu 40,000, mbolea 150,000, dawa 60,000, vijiti na kamba 50,000, vibarua 120,000, kodi ya kiwanja 60,000, usafiri, vikapu na jetoni za soko 80,000. Jumla ni 560,000. Bustani imetoa mabeseni 80. Wengi hugawanya hapo hapo, wakapata 7,000 kwa beseni, na mnunuzi akitaja 8,000 hufurahi kwamba kila beseni limeleta faida ya 1,000.

Lakini mabeseni 80 hayauzwi yote. Mengine yameoza, mengine yamepondeka njiani, mengine yametolewa kuwa matabishi, yaani nyongeza ya bure, kwa wanunuzi wa kudumu, na mengine yameliwa nyumbani. Ikiwa 15 yamekwenda hivyo, yamebaki 65. Gharama ya beseni moja si 7,000 tena, ni zaidi ya 8,600. Kwa bei ya 8,000 mkulima huyo amekusanya 520,000, yaani amepata hasara ya 40,000 huku akiamini amepata faida ya 80,000. Ikiongezwa kazi ya watu wa nyumbani, tuseme siku 30 kwa faranga 5,000, gharama inafika 710,000, na kila beseni lililouzwa lingepaswa kuleta karibu 11,000. Hapo ndipo inapoonekana kwamba bustani iliyosifiwa kuwa na faida imekuwa ikibebwa na jasho la mama na watoto ambalo hakuna aliyeliandika.

Hesabu hii haihitaji elimu kubwa. Inahitaji daftari lenye safu nne, tarehe, maelezo, kilichotoka na kilichoingia, na nidhamu ya kuandika jioni ile ile. Kinachoandikwa baada ya wiki mbili ni kumbukumbu iliyopambwa, si hesabu. Pale ambapo mwenye bustani hasomi, mtoto aliye shuleni anaweza kushika kalamu, mradi mwenye bustani asomewe ukurasa kila mwisho wa wiki. Baada ya misimu miwili daftari hilo huwa na thamani kuliko ushauri wowote kutoka nje, kwa sababu linaonyesha ni zao gani limekuwa likilipa na ni lipi limekuwa likila mtaji.

Gharama ikishajulikana, linafuata suala la wakati. Wakulima wa mboga hutegemea sana mabonde yenye maji wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, kwa kuwa magonjwa ya ukungu ni machache na umwagiliaji unawezekana. Matokeo yake ni kwamba wengi huvuna kwa pamoja, na bei huanguka wakati ambapo mboga ni nzuri kuliko zote. Miezi hiyo hiyo ndiyo pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Boti inayochelewa kuondoka Moba kwa sababu ya mawimbi huchelewa ikiwa na nyanya ndani yake. Kwa hiyo wingi wa mazao, bei ya chini na hatari ya safari hukutana katika wakati mmoja, na mpango wa fedha unaohesabu jambo moja tu kati ya hayo matatu haujakamilika.

Dawa ya tatizo hili ni kupanda kwa awamu. Badala ya kuotesha miche yote siku moja, kiwanja hugawanywa mara tatu, na kila sehemu hupandwa wiki mbili au tatu baada ya nyingine. Mkulima hukosa nafasi ya kuuza kila kitu kwa bei ya juu, lakini hujikinga na balaa la kuuza kila kitu kwa bei ya chini. Vilevile zao la haraka liende pamoja na zao la polepole. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Kabichi huhitaji takriban miezi mitatu. Fedha za lengalenga zikilipa vibarua wa kabichi, mkulima hapigi hodi kwa mkopeshaji katikati ya msimu, wakati ambao masharti ya mkopo huwa makali kuliko wakati mwingine wowote.

Ziwa lenyewe nalo limekuwa likibadilika. Mwaka 2024 maji yake yalipanda hata yakafurika sehemu za Kalemie na Uvira. Aliye juu Kirungu hakufikiwa na maji hayo shambani, lakini soko lake la mbali liko ufukweni. Aliye na viwanja viwili, kimoja kando ya maji na kingine mahali palipoinuka, asiweke mtaji wote wa msimu katika kile cha chini kwa sababu tu udongo wake ni mweusi.

Mkopo ndio mlango mpana kuliko yote ambao hasara hupitia, na hapa inafaa kwenda taratibu. Swali la kwanza kuhusu mkopo si kiasi cha riba. Ni sarafu. Mkulima wa Kirungu huuza kwa faranga, lakini mikopo mingi ya Kongo huhesabiwa kwa dola za Marekani. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 dola moja ilikuwa karibu faranga 920. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Aliyekopa dola 200 wakati dola ni faranga 2,000 alipokea thamani ya faranga 400,000. Dola ikipanda hadi 2,800 kabla hajalipa, deni hilo hilo linakuwa 560,000, hata kama hakuongezewa senti moja ya riba. Bei ya kabichi sokoni haipandi kwa kufuata dola siku kwa siku. Mwelekeo huo pia hugeuka: mwishoni mwa 2025 faranga ilipata nguvu kwa ghafla, na katika wiki chache dola ikashuka kutoka juu ya 2,800 hadi chini ya 2,500. Waliokuwa wameficha akiba yote kwa dola wakaona thamani yake ya sokoni imepungua. Kanuni salama ni kukopa kwa sarafu ambayo mazao yatauzwa kwayo, na kuweka akiba kwa sarafu ya matumizi yanayokuja: faranga kwa vibarua na chakula, dola kwa mbolea na vifaa vinavyouzwa kwa dola.

Swali la pili ni ratiba. Mkopo unaodai malipo kila mwisho wa mwezi humfaa mwenye duka. Mwenye kabichi hana kitu cha kuuza mwezi wa kwanza wala wa pili. Akiukubali, atalipa kwa kuuza mbuzi, kwa ada ya shule, au kwa kukopa mahali pengine. Mkopeshaji mwaminifu anaweza kuombwa ratiba inayoanza baada ya mavuno, na ombi hilo lifanywe kabla ya kutia saini.

Riba huja ya tatu, na izingatiwe jinsi inavyohesabiwa. Asilimia 10 kwa mwezi juu ya deni lililobaki ni tofauti kabisa na asilimia 10 kwa mwezi juu ya kiasi cha awali hadi mwisho. Kwa wanaoitwa benki Lambert, wakopeshaji binafsi wanaojulikana katika miji ya Kongo, riba ya mwezi mmoja inaweza kuwa theluthi au nusu ya mkopo, na dhamana mara nyingi ni kitu ambacho familia haiwezi kuishi bila hicho. Hakuna zao la mboga linalozaa kwa kasi ya kulipa riba hiyo. Mkopo wa namna hiyo usiingie kabisa katika bajeti ya kilimo.

Kuna deni jingine ambalo halionekani kuwa deni. Mnunuzi humpa mkulima mbegu, dawa na fedha kidogo mwanzoni mwa msimu, kwa ahadi kwamba mavuno yatauzwa kwake. Mpango huu si mbaya wenyewe. Mara nyingine ndio unaomwezesha asiye na mtaji kulima. Ubaya wake huanza pale bei inapoachwa itajwe na mnunuzi siku ya kuvuna, wakati nyanya zimeiva na hakuna pa kwenda. Karatasi ya nusu ukurasa inatosha: thamani ya vitu vilivyotolewa, kiasi cha mabeseni yatakayolipa deni hilo, bei au njia ya kuipata (kwa mfano, bei ya soko la Moba siku hiyo ikitolewa gharama ya usafiri), na haki ya mkulima kuuza kwingine yatakayobaki. Mkulima naye afungwe na neno lake. Anayepokea mbegu za mtu kisha akauza mavuno usiku kwa mwingine huharibu njia si yake peke yake, bali ya majirani wote ambao msimu ujao hawataaminiwa.

Kwa wengi, mahali pazuri pa kuanzia ni kikundi cha kuweka na kukopa, kinachojulikana mashariki mwa Kongo kwa jina la AVEC. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991. Wanachama hununua hisa kila mkutano, hukopeshana kutoka mfuko huo, na mwisho wa mzunguko hugawana fedha pamoja na riba. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu wasio watunza sanduku. Likelemba ni kitu tofauti: huko kila mmoja hupokea kwa zamu, na anayepokea mwisho ndiye anayebeba hatari ya wenzake kuacha kuchanga. Zote mbili zina faida. Jambo la kuangalia ni kwamba tarehe ya kugawana iangukie kabla ya kununua mbegu na mbolea, si wiki ambayo fedha zitayeyuka katika sherehe.

Anayepeleka akiba katika taasisi anapaswa kujua kwamba vyama vya akiba na mikopo na shughuli za fedha ndogo husimamiwa kwa sheria, chini ya Benki Kuu ya Kongo. Taasisi halali ina kibali na haikasiriki ikiulizwa namba yake. Wakongo wenye umri wanakumbuka mwaka 1991, pale Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyoahidi kurudisha fedha mara nyingi zaidi, ilipoanguka na akiba za watu. Ahadi za aina hiyo leo huja kupitia simu. Fedha za mbegu zisiwekwe mahali panapoahidi faida ambayo hakuna bustani wala duka linaloweza kuizalisha.

Kuhusu safari ya mzigo, swali la kisheria ni moja: mboga ni mali ya nani wakati ziko juu ya maji? Komisioneri anayechukua vikapu Moba kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza Kalemie amemwachia mkulima hatari yote ya wimbi, kuoza na bei. Bei ya makubaliano hayo inapaswa kuwa juu kuliko bei ya kulipwa taslimu bandarini, la sivyo hakuna sababu ya kuyakubali. Vikapu vihesabiwe mbele ya pande mbili, idadi iandikwe na kusainiwa, picha ipigwe kwa simu, na walau nusu ya fedha ilipwe kabla boti haijaondoka. M-Pesa na Airtel Money zimerahisisha jambo hili, na zinapunguza hatari ya kubeba fedha njiani. Mkulima athibitishe salio lake mwenyewe, kwani ujumbe wa kughushi unaweza kufanana na wa kweli. Namba ya siri haitajwi kwa wakala, kwa ndugu, wala kwa anayejiita mfanyakazi wa kampuni.

Njiani na sokoni kuna ushuru. Katiba, katika kifungu cha 174, inasema kodi huwekwa kwa sheria tu, na maagizo yenye nguvu ya sheria ya Machi 2018 yanaorodhesha ushuru na tozo za serikali kuu, za majimbo na za mamlaka za chini. Mkulima ana wajibu wa kulipa kilicho halali na ana haki ya kupewa risiti yenye tarehe, kiasi na jina la idara. Malipo yasiyo na risiti yaandikwe hata hivyo katika daftari, kwa mahali na kiasi. Mtu mmoja akibishana kizuizini anaweza kupoteza mzigo. Chama kinachopeleka kwa mkuu wa territoire orodha ya miezi mitatu kina nafasi ya kusikilizwa.

Ardhi inahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Kwa sheria ya Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, lakini viwanja vingi vya bondeni hukodiwa kwa mdomo, kwa kupitia familia na machifu. Kinachotokea mara kwa mara ni hiki: mpangaji analeta samadi, anachimba mifereji, udongo unanenepa, na mwaka wa pili mwenye kiwanja anakitaka. Hati fupi yenye mipaka, kodi, muda usiopungua misimu miwili, notisi ya kuondoka na haki ya kuvuna mazao yaliyokwisha kupandwa, iliyosainiwa mbele ya chifu wa kijiji na mashahidi, inazuia sehemu kubwa ya magomvi hayo. Jina la mke liwemo pamoja na la mume. Wanawake hufanya sehemu kubwa ya kazi za bustani, na mjane asiye na karatasi anaweza kupoteza mtaji wake wote ndani ya wiki za msiba. Marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la zamani la mke kuomba idhini ya mume. Sasa wanandoa hukubaliana juu ya mikataba inayowafunga.

Kwenye pembejeo itoshe kusema kwamba kopo la mbegu linunuliwe likiwa limefungwa, tarehe yake isomwe, na risiti ihifadhiwe pamoja na kopo tupu hadi miche iote. Dawa ya wadudu ina idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya kunyunyiza na kuvuna, na idadi hiyo huandikwa kwenye lebo. Kuvunja kipimo hicho ili kuwahi soko ni kumuuzia jirani sumu. Siku ya kunyunyiza iandikwe katika daftari lile lile la fedha, na bei ya kesho isiwe sababu ya kuchuma mapema.

Wakulima wanaotaka kununua mbolea kwa pamoja, kukodi boti au kukopa kwa jina moja wana njia ya kisheria. Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, na sheria yake ya vyama vya ushirika inaruhusu chama cha mfumo rahisi chenye watu wasiopungua watano, au chenye baraza la utawala kikiwa na watu kumi na watano au zaidi. Faida kuu ni kwamba mali ya chama hutenganishwa na mifuko ya watu. Faida hiyo hufa pale mwenyekiti anapotunza fedha za chama katika simu yake mwenyewe, hata akiwa mwaminifu. Namba ya simu ya chama, wasaini wawili na hesabu zinazosomwa hadharani kila mwezi ni masharti ya chini.

Hata kwa uangalifu wote huo, msimu mbaya utakuja. Mvua ya mawe, mnyauko au boti iliyokwama haitokani na uzembe, na bima ya mazao si kitu ambacho mkulima mdogo anaweza kukitegemea kwa sasa. Kwa hiyo sehemu ya kila mauzo mazuri, walau gharama ya mbegu na kitalu cha msimu unaofuata, hutengwa siku hiyo hiyo na haihesabiwi tena kuwa fedha ya nyumba. Hasara ikitokea, mkopeshaji aarifiwe kabla ya tarehe ya malipo, daftari likiwa mkononi na kiasi kidogo cha kulipa kikiwa tayari. Ratiba mpya iandikwe, isainiwe na pande zote mbili, na wadhamini wapewe nakala, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa kwanza mdaiwa asipoonekana.